Mbao Nilizozipiga Randa

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoanza kazi kwenye karakana ya malori pale Ifakara, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Niliajiriwa kama mshonaji. Masista wa upande wa Mahenge walikuwa wamenifundisha cherehani, na tajiri mwenye karakana alihitaji mtu wa kushona maturubai na viti. Alikuwa amenunua kwenye mnada wa jeshi malori manne yaliyokwenda vitani Uganda, yakarudi, kisha yakakaa miaka mingi kwenye majani yakiota kutu. Alitaka yafufuliwe yabebe mpunga na mbao za bondeni.

Fundi wa rangi aliyekuwepo aliacha kazi mwezi wangu wa pili, akaenda kwenye mashamba ya miwa. Tajiri aliniuliza kama naweza kushika msasa. Nikasema naweza. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kumalizia kila kitu: kukwangua kijani cha jeshi, kuziba mabonde ya bati kwa pati, kupaka rangi ya kwanza na ya mwisho, kushona viti, kufunga turubai. Mafundi wa injini walicheka kumwona mwanamke ndani ya ovaroli, wakacheka wiki mbili, wakachoka.

Aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kila lori hakuwa tajiri. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, ambaye sote tulimwita Mkaguzi. Wakati wa vita alifanya kazi hiyo hiyo kwenye kiwanda kimoja cha kuunganisha malori karibu na Dar es Salaam. Malori ya jeshi yalipita mikononi mwake, na hata ya watu binafsi yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita yaliletwa pale yakazwe nati, yapigwe rangi ya kijani, yakaguliwe, yaondoke. Kiwanda kilipopunguza watu, alimfuata mkewe Ifakara akalima mpunga, hadi tajiri alipompata.

Alikagua kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Alikuwa na nyundo ndogo, akigonga nati moja moja ya gurudumu huku ameinamisha kichwa. Aliniambia nati iliyokaza na iliyolegea hazina sauti moja, na alinigongea zote mbili mara nyingi hadi siku moja nikasikia tofauti. Rangi aliikagua kwa ukucha wa kidole gumba. Viti vyangu alivikalia, akainuka, akavikalia tena. Kitu kikipita, aliweka tiki kwa chaki. Kisipopita aliweka mkasi, ile alama ya kosa, akaondoka bila kueleza, na wewe ulitakiwa ukae hapo hadi ugundue mwenyewe ubovu uko wapi.

Lori la kwanza lilipoingizwa kwenye zamu, alilala chini yake na brashi ya waya akasugua chasisi upande wa ekseli ya mbele. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa umejaa vumbi la kutu. Kulikuwa na tarakimu tatu zimegongwa kwenye chuma, namba yake ya ukaguzi ya kiwandani.

"Hili nililipitisha mimi," alisema.

Fundi mmoja akamwambia basi ni bahati, limerudi kwa mwenyewe. Mzee aliweka brashi chini. Alikwenda kunawa mikono, na siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Ni ndani ya lori hilo hilo nilimokuwa nakaa kula, kwa sababu turubai la zamani lilikuwa bado juu na kulikuwa na kivuli. Mbao za ubavuni zilikuwa zimejaa majina. Askari waliyachora wakiwa njiani, kwa kisu, kwa msumari, mengine nadhani kwa ncha ya singe. Wengine waliandika jina tu. Wengine walitaja na kijiji, kama mtu anayeandika anwani nyuma ya bahasha. Kulikuwa na vijiji vya Mara, vya Newala, vya Songea, na kulikuwa na vya kwetu. Niliyasoma huku natafuna, kama unavyosoma kipande cha gazeti kilichofungia maandazi. Macho yalipita juu yake tu.

Kabla lori hilo halijamalizwa, tajiri alipata kazi ya haraka ya mbao kutoka Mlimba, akalituma lilivyo, likiwa na kijani chake na majina yake. Lilikwenda, likarudi, na ndipo nikakabidhiwa. Tajiri alipanda nyuma akaangalia mbao. Akasema zipigwe randa zote ziwe laini, kwa sababu vibanzi vitachana magunia ya mchele.

"Na abiria nao," aliongeza, "hawatapenda kuegemea majina ya marehemu."

Seremala alikuwa ameomba ruhusa akavune. Nikaichukua randa mwenyewe. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Mbao zilikuwa ngumu, za miaka mingi, na maranda yalitoka yamejikunja, kijani upande mmoja na wekundu wa mti upande mwingine. Jina lililochorwa kidogo liliondoka kwa mkupuo mmoja. Lililochorwa kwa nguvu lilinipa shida, nikalirudia mara tano, mara sita, nikalisema vibaya kwa kunichosha mkono. Hilo nalikumbuka kuliko majina yenyewe.

Nilipomaliza Mkaguzi alikuja akapitisha kiganja juu ya kila ubao, taratibu, toka mbele hadi nyuma.

"Uliyanakili?" aliuliza.

"Yapi, mzee?"

"Haya majina."

"Hapana. Nilitakiwa niyanakili?"

Alisimama akiwa ameshika chaki. "Hakuna aliyekuambia," alisema, kisha akaweka tiki.

Nikapaka rangi ya samawati, mikono miwili, na lori likawa kama jipya.

Mama mmoja alifika siku chache baadaye, asubuhi, jua likiwa halijawa kali. Mlinzi alimleta kwangu kwa kuwa nilikuwa mwanamke peke yangu pale. Alikuwa mtu mzima, mfupi, miguu imejaa vumbi hadi magotini, amebeba kikapu kichwani na viatu mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akashusha kikapu.

"Nimekuja kumwona mwanangu," alisema.

"Anafanya kazi hapa, mama?"

"Wanasema yuko kwenye lori."

"Ni dereva?"

"Hapana, mwanangu. Ameandikwa."

Sikumwelewa mara moja. Kiswahili chake kilikuwa kizito, akachanganya na Kindamba, nami nikamjibu kwa Kipogoro changu, na kwa njia hiyo tukafika. Alitoka Masagati. Katekista wa kijiji chao alikuwa amepata lifti ya lori letu lilipokuwa likitoa magogo msituni kwenda Mlimba, akakaa nyuma juu ya magogo, na kwenye ubao wa ubavuni aliona jina la kijana wa Masagati pamoja na jina la kijiji. Akampelekea habari. Mama alisubiri mpunga utoke shambani, kisha akatembea siku mbili hadi Mlimba, akapanda treni, na kutoka stesheni ya Ifakara hadi kwetu alikuja kwa miguu tena.

Mwanawe alichukuliwa na mgambo kwenda vitani. Ilikuja barua moja iliyoandikwa na mtu mwingine. Baadaye alikuja mtu wa serikali akasema amefariki huko huko. Hakuna kilichorudi, hata shati. Nyumba aliyokulia ilianguka mwaka mmoja wa mvua nyingi, na mlango wake ukaliwa na mchwa.

"Kwenye mlango ule ndipo aliponifundisha kusoma," alisema. "Wakati ule wa elimu ya watu wazima, mimi sikwenda darasani, nilikuwa na mtoto mchanga. Yeye alitoka shule akachukua mkaa, akaandika jina lake mlangoni, akaniambia mama soma. Silijui neno lingine. Hilo nalisoma mwenyewe, hakuna haja ya kunisomea."

Jina hilo alinitajia. Sitaliandika hapa.

Aligeuka akaangalia malori. Matatu yalikuwa ya kijani, moja la samawati. Alikwenda moja kwa moja kwenye la kijani lililokuwa karibu, akaweka mkono. Nikamwambia silo. Akaenda la pili. Silo. La tatu nilimwacha alizunguke mwenyewe. Alipomaliza alinirudia, akatazama lile la samawati, akanitazama mimi na ovaroli langu lenye matone ya rangi hiyo hiyo.

"Ni hili?" aliuliza.

"Ndilo, mama. Tumelipiga randa."

Hakulijua neno randa. Nikaenda stoo nikaileta. Nikamwonyesha kwenye kipande cha mbao, mara moja, na randa, lile ganda jembamba la mti, likajikunja likaanguka chini. Aliliokota akalinyoosha kwa vidole, likakatika.

Nilitamani alie, au anitukane. Alikaa chini kwenye kivuli cha gurudumu, akanyoosha miguu, akaanza kuondoa vumbi magotini kwa kiganja, goti moja kisha jingine. Nami nikafanya jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Nilichuchumaa mbele yake nikasema, "Mama, lakini mimi nililisoma. Kabla sijalifuta nililisoma. Lilikuwa pale, upande wa kushoto, limeandikwa vizuri sana."

Aliinua uso. Macho yake yalibadilika, na kwa muda kidogo niliona nimemsaidia.

"Uliliona?"

"Niliona kabisa."

"Ile herufi yake ya esi ilitazama wapi?"

"Vipi, mama?"

"Esi. Yeye aliigeuza. Mwalimu alimchapa kwa ajili hiyo, hakuacha. Hata kwenye mlango aliigeuza, na mimi ndivyo ninavyoijua. Hapo kwenye lori aliigeuza bado, au jeshini walimnyoosha?"

Nilisema sikuangalia sana. Aliitikia kwa kichwa, pole pole, akarudi kwenye magoti yake.

Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Alimwamkia mama kwa heshima, akavuta kigoda akakaa, akamtaka aeleze tena. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mama, mtu aliyeandika jina mara moja huenda aliandika na mara ya pili. Ngoja niangalie."

Akaanza kulikagua lori ambalo alikwisha kulipitisha. Aling'oa kiti nilichokishona mimi, akaangalia chini yake kwa tochi. Alifungua sanduku la vifaa. Alilala kifudifudi chini ya mlango wa nyuma, akapitisha kidole kwenye kila ukingo ambao randa yangu haikufika, nyuma ya bawaba, chini ya vyuma vya kushikia turubai, kwenye pembe ambako ubao unakutana na kichwa cha lori. Mafundi waliacha kazi zao wakaja kusaidia, bila kuambiwa. Mama alikaa kwenye kigoda alichoachiwa, anatazama. Walipata ganda moja la risasi, kifungo cha shati, kijiko kilichopinda, na kwenye ukingo wa ubao wa chini nusu ya jina la mtu wa Tarime. La kwake halikuwepo.

Mchana ulipokuwa umekwenda sana, Mkaguzi alirudi akakaa chini kabisa, kwenye mchanga, mbele ya kigoda chake mwenyewe.

"Mama," alisema, "kuna jambo lazima nikuambie. Lori hili lilipotoka kiwandani kwenda vitani, mimi ndiye niliyelipitisha. Namba yangu iko chini pale."

Mama aliinama kumtazama. "Lilikuwa zima, baba?"

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Sikumbuki," alisema Mkaguzi. "Siku zile tuliyapitisha mengi, upesi upesi. Mengine niliyagonga vizuri. Mengine niliangalia breki tu nikaweka tiki, kwa sababu askari walikuwa getini wanasubiri, vijana, wanaimba. Hili sikumbuki nililifanyaje. Nimelala chini yake tangu lilipokuja najaribu kukumbuka."

"Waliniambia hakufa kwenye lori," alisema mama. "Waliniambia ni risasi."

"Hata hivyo, mama."

"Ndiyo," alisema. "Hata hivyo."

Hapo ndipo nilipokumbuka maranda. Nilikuwa nimeyabeba kwenda nyumbani magunia matatu, mawili ya kuwashia moto na moja kwa ajili ya kuku wa mama mwenye nyumba. Nilimwambia mama. Aliinuka hapo hapo. Tulikwenda kwangu, mwendo wa dakika chache, nikatandika mkeka uani. Magunia ya kuwashia moto yalikuwa yamebaki nusu gunia. Yale ya kuku yalikuwa yamechanganyika na mavi, lakini mama aliyataka nayo, tukayakusanya kutoka bandani kwa mikono.

Tulikaa pale hadi jua lilipopoa. Tulinyoosha randa moja moja, upande wa kijani juu, tukitafuta mikwaruzo. Ilionekana mistari mingi. Mguu wa herufi, tumbo la herufi, nukta. Mengi yalikatika ukiyashika. Mama mwenye nyumba alikuja akauliza tunachagua nini, nikamweleza, naye akakaa akaanza kuchagua. Nilipata randa moja pana lenye herufi tatu zinazofuatana, na moja kati yake ilikuwa esi, na ukilishika upande fulani, ilikuwa imegeuka. Nilimpa.

Aliliangalia kwa muda mrefu. Aliligeuza mbele nyuma. Ukiligeuza hivyo kwa nyuma, hata esi ya kawaida, mwanga ukipita kwenye ubao mwembamba, huonekana imegeuka. Yeye aliliona hilo kabla yangu.

"Siyo mkono wake," alisema, akaliweka pembeni, peke yake, mbali na mengine. "Huyu naye ana mama yake."

Alilala kwangu siku mbili. Alikula kidogo. Alinisaidia kupepeta mchele, akanionyesha ninavyoshika ungo vibaya. Alizungumza habari za kawaida, viboko wanaoingia mashambani kwao, bei ya chumvi Mlimba, wafugaji walioteremka bondeni na ng'ombe wao na jinsi watoto wao wanavyojua kupiga mluzi. Juu ya mwanawe alisema jambo moja tu, kwamba alikuwa mwoga wa radi.

Asubuhi ya tatu alitaka tupite karakana kabla ya stesheni. Lori lilikuwa limefungwa tena, kiti kimerudishwa, tayari kupakia. Alimwomba Mkaguzi msumari. Mzee hakuuliza wa nini. Alitafuta mrefu, akaunoa ncha kwenye jiwe, akampa. Tukamsaidia kupanda nyuma.

Katekista alikuwa amemwambia ni upande wa kushoto, karibu na kichwa cha lori, urefu wa mtu aliyekaa. Akakaa hapo sakafuni, akaegemeza bega, akaanza. Rangi yangu ilikatika vipande vidogo vidogo vikamwangukia mapajani. Hakuwa amezoea kuandika, alishika msumari kwa ngumi kama mtu anayetwanga, na kila herufi ilimchukua muda. Alipofika kwenye esi aliiandika imegeuka. Sidhani alijua kuna namna nyingine ya kuiandika. Akamaliza jina, hakuongeza kijiji, kwa kuwa kijiji hakujua kukiandika.

Tajiri alifika tukiwa bado pale. Alipanda gurudumu akachungulia, akaona rangi mpya ilivyochanwa. Alimtazama Mkaguzi.

"Lori limepita," alisema Mkaguzi. "Lilivyo hivyo hivyo."

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akazunguka nyuma akampokea mama mkono ateremke, akampa pole. Kisha akamwambia dereva ampeleke stesheni kwa lori hilo kabla ya kwenda kupakia. Mama alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma, nami nikakaa naye, na njia nzima aliweka kiganja kwenye ubao.

Treni ilichelewa, kama kawaida. Tulikaa kwenye majani kando ya reli. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri na yote yakanitoka, nikabaki na machache.

"Mama, lile jina sikulisoma. Nilikudanganya."

"Najua," alisema. "Ungekuwa umelisoma kweli, ungeniambia na la nani lilikuwa jirani yake."

"Nisamehe."

Alifungua kikapu akatoa ndizi mbili, akanipa moja. Sikujua kama hilo lilikuwa jibu, na sikuthubutu kuuliza. Treni ilipokuja alipanda, akapata nafasi upande wa pili, hivyo sikumwona tena dirishani.

Malori matatu yalikuwa bado hayajaguswa. Nilinunua daftari, nikayanakili majina yote kama yalivyo, pamoja na makosa yake, na Mkaguzi alikaa karibu akinishikia tochi kwenye pembe zenye giza. Ilituchukua wiki, tajiri akalalamika kidogo akaacha. Nakala moja nilipeleka parokiani isomwe baada ya misa, nyingine ofisi ya wilaya. Ya parokiani ilisomwa Jumapili mbili. Ya wilayani sikuwahi kusikia habari zake, na nilipokwenda kuuliza karani aliniambia niandike barua.

Alikuja mtu mmoja tu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mchuuzi wa samaki, alikuja na baiskeli yenye tenga akitokea Kivukoni. Aliuliza jina fulani liko wapi, nikamwonyesha. Alisimama akalitazama.

"Ni ndugu yako?" nilimuuliza.

"Ni mimi."

Nilifurahi, nikataka kuwaita wenzangu. Akanizuia kwa mkono.

"Tulikuwa tumekaa sita kwenye ubao huu," alisema. "Hao watano wengine waacheni. Hili langu lifuteni."

Nilimwambia nitalifuta itakapofika zamu yake. Akasema atasubiri. Basi nikaleta randa, nikalifuta mbele yake, jina moja tu katikati ya mengine, na pale palibaki peupe. Alipitisha kidole kuhakikisha. Akashukuru, akachukua baiskeli yake, na ingawa Ifakara si mji mkubwa sikuwahi kukutana naye tena.

Lori la samawati lilifanya kazi misimu minne au mitano. Abiria walioegemea ubao ule waliuliza ni nani huyo, na dereva aliwaambia ni mwenye lori, kwa kuwa hakupenda maneno marefu. Lilipouzwa kwa watu wa Iringa, mwenye mali mpya aling'oa mbao zote akaweka mabati. Nilisikia hilo kwa watu, na sikujua mbao zilikwenda wapi.

Mkaguzi aliacha kazi macho yalipofifia. Nilimtembelea mara chache nyumbani kwa mkewe. Aliniambia anaendelea kukumbuka malori ya kiwandani, moja baada ya jingine, kwa rangi ya matairi na sauti ya nati, na kwamba lile halijamjia bado. Alizikwa Ifakara, nami nilikuwa miongoni mwa walioandaa chakula.

Habari za mama aliniletea katekista, alipokuja mjini kwa ajili ya semina. Sikuwa nimewahi kumwona, alinitafuta mwenyewe hadi karakana. Alisema mama amefariki, mwezi uliopita, kwa homa. Nilimuuliza kama aliacha neno lolote kwangu. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nikamwona anatafuta. Akasema hapana, aliumwa siku chache tu, na ulikuwa wakati wa kupandikiza mpunga, watu wengi walikuwa mashambani.